Mkaguzi Aliyevuka Barabara

Ofisi ya Ukaguzi wa Fedha na makao ya Banki Orkide yalitazamana pale Himbi, mjini Goma, kila jengo na ukuta wake wa mawe meusi ya volkano, na katikati barabara ambayo pikipiki zilipita bila kupunguza mwendo. Mwezi wa tano Achille Bulonza, mkaguzi wa serikali, aliketi upande wa juu wa barabara hiyo akatia sahihi amri ya kuifunga koperative ya kuweka na kukopa iliyoitwa Akiba ya Birere, ya watu wa soko la Birere. Mwezi wa kumi aliketi upande wa ziwani, naibu mkurugenzi wa Orkide, benki ileile iliyokabidhiwa wateja wote wa Akiba. Hakuhitaji hata gari la kuhamisha vitu vyake. Wafanyakazi wawili walivibeba mikononi, wakasubiri pikipiki zipite, wakavuka.

Inspekta Kaswera aliyajua hayo, na mji mzima uliyajua. Lakini kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili alikuwa amekaa Paul Ntirenganya, meneja wa Akiba, gerezani tangu mwezi wa sita. Ripoti ya Bulonza ilisema Paul alificha hasara mpaka koperative ikaoza ndani kama ndizi. Aliyekwenda kumkamata ni Kaswera. Alimkamata kwa nguvu ya ripoti hiyo peke yake, mbele ya wanachama wake, bila kuuliza swali la pili.

Swali la pili aliliuliza Paul mwenyewe, miezi mitano baadaye, katika chumba cha wageni cha gereza. Alikuwa amekonda, na alikohoa kila alipotaka kusema sentensi ndefu, kwa hiyo alijifunza kusema fupi.

"Mama Inspekta, soma ripoti tena. Inasema nilikopesha watu wenye Orkide ilikuwa imekataa. Mimi sikujua kama Orkide iliwakataa. Mukaguzi alijulia wapi?"

Kaswera aliinuka. Alirudi ofisini, akaisoma ripoti upya, akaona kwamba mfungwa alisema kweli. Siri ya nani alinyimwa mkopo Orkide ilikuwa ya Orkide. Mtu wa ndani ya benki alikuwa amemlisha mkaguzi wa serikali.

Alimpelekea jambo hilo mwendesha mashtaka Marie-Claire, mkuu wake, mwanamke mwenye miwani aliyezoea kusikiliza huku akiandika jambo jingine. Marie-Claire aliacha kuandika. Kesi ya Paul ingesikilizwa Alhamisi. Ripoti ndiyo nguzo pekee ya mashtaka. Ikisimama, Paul angekula miaka kumi, na kwa kifua kile hakuna aliyedhani angeimaliza. Kaswera akapewa mpaka Jumatano jioni.

*

Jumatatu alianzia kwenye kiti ambacho Bulonza alikiacha. Aliyekikalia sasa aliitwa Rémy, mtu mnene, mpole, aliyefuta meza kwa kiganja hata pale ilipokuwa safi. Kabla ya kuwa mkaguzi wa serikali, Rémy alikuwa mkuu wa mikopo wa Banki Orkide. Bulonza alikwenda, Rémy akaja. Kaswera alikuwa ameijenga hesabu yake usiku kucha na ilimkaa vizuri: mkuu wa mikopo ndiye ajuaye nani alinyimwa, mkuu wa mikopo akatoa siri, na malipo yake yakawa kiti hiki.

Rémy aliisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akasema kwamba tangu mwezi wa pili mpaka wa sita alikuwa Butembo akifungua tawi jipya, na kwamba majibu ya mikopo ya Goma kipindi hicho hayakupita mikononi mwake. Kaswera alipiga simu mbili papo hapo, moja kwa mwenye nyumba aliyempangisha Rémy Butembo, nyingine kwa padri aliyebariki tawi. Wote wawili walimkumbuka. Padri alikumbuka hata kwamba alikuwa mtoaji sadaka mzuri.

Lakini mtu asiye na kosa hafuti meza safi. Kaswera akamwuliza anaishi wapi. Rémy akataja mtaa, hapohapo Himbi, karibu na maji.

"Nyumba ya nani?"

Rémy akatazama dirishani, ng'ambo ya barabara. "Ya Orkide. Balisema nisisumbuke kuhama."

"Unaikagua Orkide, na unalala ndani ya nyumba ya Orkide."

"Mama Inspekta, mwenye alinitangulia ku hiki kiti naye ilikuwa hivyo. Hakuna sheria inakataza mutu kuvuka barabara." Akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayelipa sehemu ya deni ili aachwe na iliyobaki: "Sheria inakataza kitu kimoja tu. Kuwa wa ng'ambo wakati ungali wa huku."

Kaswera alitoka akiwa amepoteza mshukiwa lakini amepata kipimo. Haikutosha kuonyesha kwamba Bulonza alihamia Orkide. Mkataba wake ulisema hivyo waziwazi, mwezi wa kumi, na kila karatasi ilikuwa mahali pake. Ilimpasa aonyeshe kwamba Bulonza alikuwa mtu wa Orkide kabla ya mwezi wa tano, siku aliyoshika kalamu kuifunga Akiba. Na wanaume wa Orkide walikuwa watu wa fedha. Hawaachi karatasi nje.

*

Jumanne asubuhi alikwenda nyumbani kwa Bulonza na karatasi ya kumwita kuhojiwa. Alilikuta lango wazi, mahema yamefungwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na wanakwaya wa parokia wakiimba kwa sauti za watu waliokwisha kuchoka. Mamamkwe wa Bulonza, mama mzazi wa mkewe Charline, alikuwa amefariki Jumamosi na kuzikwa Jumatatu. Watu walikuwa bado kwenye kilio.

Askari haingii kilioni na karatasi ya kuita mtu. Kaswera aliirudisha garini, akatoa bahasha, akatia pesa za rambirambi ndani, akarudi. Angeweza pia kuondoka. Hilo alilijua wakati ule, na baadaye hakujificha nyuma ya kitu chochote: angeweza kuondoka.

Kilichomzuia kilikuwa kinaning'inia juu ya lango. Familia ilikuwa imechapisha turubai kubwa lenye picha ya marehemu, kama watu wa mji wanavyofanya sasa. Marehemu alikuwa amesimama wima, anacheka, amemshika binti yake kiuno. Mchapaji alijaribu kumkata Charline atoke, akashindwa kwa sababu ya ule mkono. Kwa hiyo nusu ya Charline ilibaki, bega, titi na paja, na nguo aliyovaa ilionekana wazi kama ua kwenye jaa. Kitenge cha kijani chenye maua ya zambarau.

Kila mwanamke wa Goma alikijua. Kila mwaka, kwa sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu, Orkide ilichapisha kitenge chake: maua yaleyale, rangi ya chini tofauti. Mwaka uliopita ilikuwa njano. Mwaka huu ilikuwa kijani. Kaswera alikuwa zamu siku ile kulinda uwanja, aliwaona wanawake wa Orkide wakipita kwa kijani chao kama shamba linalotembea. Kitenge hicho hakiuzwi. Hupewa wanawake wanaofanya kazi katika benki, na wake za wanaume wanaofanya kazi humo. Wafanyabiashara wa Birere walikuwa wamejaribu kukinunua wakarudishwa mikono mitupu.

Sasa, Charline hakuwa mfanyakazi wa benki. Na mumewe, kwa mujibu wa kila karatasi, hakuwa wa benki mpaka mwezi wa kumi.

Ilibaki kujua siku ya picha. Nguo inaweza kutolewa mwezi wa tatu ikavaliwa mwezi wa kumi na moja.

Anayeingia kilioni hakai bure. Wanawake walimpa kisu na beseni la viazi, akamenya pamoja nao nyuma ya nyumba, karibu na moto wa makaa. Hawakumwuliza ni nani. Bahasha yake ilikuwa imekwisha kumtambulisha. Aliambiwa habari za marehemu bila kuuliza: alikuwa muuza vitenge Birere, alilea watoto sita kwa meza moja ya mbao, alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi kutoa. Mzee mmoja mwanamke alisema marehemu alikufa na uchungu kwa sababu ya Akiba. Mwingine akasema yule mwizi Ntirenganya na alipe mbele ya Mungu. Wote wakaitikia. Kaswera aliendelea kumenya.

Viazi vilipokwisha akaingia sebuleni kumpa pole mfiwa.

Charline alikuwa amekaa juu ya godoro sakafuni, kichwa kimefungwa, miguu imenyooshwa, na wanawake wawili pembeni yake. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyelia akamaliza. Kaswera akaketi chini, akamshika mikono, akasema maneno yanayosemwa. Mtoto wa jamaa akaleta sahani ya ugali wa foufou na maharage, akaiweka mbele ya mgeni.

Kaswera aliuliza kama waombolezaji wote wanavyouliza, kwa sababu mfiwa hutulizwa kwa kuambiwa amtaje marehemu.

"Ile picha ya mulangoni ni nzuri, mama. Anaonekana mwenye furaha."

"Ni ya siku ya bamama, mwezi wa tatu," Charline alisema. "Ndiyo mara ya mwisho anasimama vile. Kwa Pasaka alianguka ku mulango, kiisha hapo ni kitanda tu. Hakusimama tena mpaka Jumamosi."

"Na wewe ulishona vizuri. Ni kitenge ya banki?"

"Ya banki. Bamama ba Orkide balinipatia. Balisema mimi ni dada yao sasa."

"Tangu mwezi wa tatu?"

Charline alikuwa akisugua magoti yake, mikono ikasimama. Akamwangalia mgeni wake vizuri kwa mara ya kwanza, viatu kwanza, halafu uso.  Mwanamke mmoja pembeni alikohoa, mwingine akarekebisha mto.

"Tangu mwezi wa tatu," Charline akasema. Kisha akaisukuma sahani kidogo kuelekea kwa Kaswera. "Kula, mama. Itapoa."

Kaswera akala.

*

Bulonza alimkuta Kaswera nyuma, penye jenereta, akinawa mikono. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu hata katika msiba, mwenye tabia ya kuzungumza polepole kama anayesubiri wengine waandike.

"Mama Inspekta. Unakamatia watu ku kilio siku hizi?"

"Nilikuja kuwapa pole, Papa Direkta. Karatasi yako iko ku gari. Itangoja."

"Uliza tu. Mimi sina cha kuficha."

"Uliingia Orkide mwezi gani?"

"Wa kumi. Kontra iko wazi, uliisoma."

"Mbele ya mwezi wa kumi, Orkide haikukupatia kitu?"

"Hata maji."

"Na bibi yako?"

 Jicho la Bulonza lilikwenda langoni, juu, likarudi. Kaswera aliona hesabu ikifanyika, haraka na safi, kama ya mtu aliyeishi na hesabu maisha yake yote. Walifunga kila mlango wa karatasi, yeye na wale wakubwa wa ng'ambo. Waliuchelewesha mkataba miezi saba ili usinuke. Kitenge kilisahauliwa kwa sababu kwao hakikuwa jambo la fedha, kilikuwa jambo la wake zao. Na wake zao waliosikia mezani kwamba Bulonza sasa ni wa nyumbani wangemnyimaje Charline nguo ya sikukuu? Lingekuwa tusi. Hata Bulonza mwenyewe alikiona kitenge kile siku ile, na alimwambia mkewe kwamba amependeza.

"Alinunua Birere," akasema. "Birere banauzisha kila kitu."

"Si ile."

"Basi rafiki alimupa. Bamama banapeanaka nguo. Utanifunga ju ya nguo ya bibi yangu?"

"Mashtaka ndiyo yatasema. Orkide walimunyima nani mukopo, uliambiwa na nani?"

"Hiyo sikumbuki." Akasogea karibu, na sauti yake ikawa ya upole, karibu ya kirafiki. "Sikiliza, dada. Kila mutu wa ile ofisi anavukaka. Rémy alivuka. Mwenye alinitangulia alivuka. Serikali inakulipa miezi mitatu kwa mwaka; unataka tukule nini? Mawe? Hata wewe. Mukubwa wa ulinzi wa Orkide anaondoka mwezi wa kwanza. Banatafuta mutu mwenye anajua polisi kutoka ndani. Nyumba iko, gari iko. Nilishawatajia jina yako."

"Ulinitaja lini?"

"Wiki yenye imepita."

"Kabla sijafika hapa."

"Mutu muzuri anatajwaka mapema," Bulonza alisema, akatabasamu.

Kaswera akafuta mikono kwenye sketi. "Hiyo pia nitaiandika," akasema, akatoka kwa lango. Alipopita chini ya turubai hakuinua macho.

*

Marie-Claire aliisikiliza habari yote mpaka mwisho na kalamu ikiwa chini. Alisema ilikuwa kazi nzuri na kwamba haitoshi. Picha haina tarehe. Wakili wa Bulonza angesema ilipigwa mwezi wa kumi na moja, mamamkwe akiwa ameshikwa asianguke, na nani angembishia? Neno lililosemwa juu ya godoro la msiba si ushahidi. Lazima Charline aje mwenyewe, aseme, atie sahihi. Na mke hawezi kushurutishwa kumshuhudia mumewe.

"Ataweza kuja?" Marie-Claire akauliza.

Kaswera alisema hajui. Alisema pia kwamba hatarudi kule kumwomba. Marie-Claire alimtazama juu ya miwani, akashika kalamu yake, akarudi kwenye maandishi yake.

Jumatano ikapita asubuhi, ikapita mchana. Mvua ilinyesha, ikaacha barabara nyeusi inang'aa. Kaswera alikaa ofisini akipanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa. Alimpigia simu msimamizi wa gereza kuuliza hali ya Paul Ntirenganya, akaambiwa amelala, hakula.

Alasiri pikipiki ilisimama nje. Charline alishuka peke yake, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa vilevile, matope mpaka vifundoni. Asubuhi ile familia ilikuwa imeondoa matanga. Mahema yalikuwa yamefunguliwa, jamaa wa Butembo wameondoka. Hakutaka maji. Hakutaka kiti kilicho karibu na dirisha. Alikaa, akaweka mkoba magotini, akasema aandikiwe.

Alisema kwa mpangilio, kama mtu aliyelirudia jambo moyoni njia nzima. Mwezi wa pili mumewe alirudi nyumbani akamwambia kwamba Orkide wamempa neno lao, na kwamba asilitoe nje. Mwezi wa tatu wake za wakubwa wa Orkide wakamletea kitenge nyumbani. Mwezi wa nne, mumewe akiwa bado mkaguzi, mtu wa Orkide alikuja jioni mbili, wakakaa na mumewe mezani juu ya habari za Akiba. Charline alimtaja mtu huyo kwa jina. Kaswera aliliandika.

"Ulijua Akiba itafungwa?"

"Nilijua."

"Na mama yako alikuwa na feza mule."

"Zote." Charline alifungua mkoba, akaufunga. "Achille aliniambia ninyamaze. Alisema nikimwambia mama, Birere yote itajua kabla ya jua kuzama, ju mama hakuwa na siri. Ilikuwa kweli. Hakuwa na siri. Nikanyamaza." Akatazama meza. "Kiisha balifunga, mama akiwa ku kitanda, kila siku alimulaani Papa Paul. Kila siku, na watoto wake, na watoto ya watoto wake. Mimi ndiye nilikuwa ninamulisha. Nilikuwa ninashika kijiko na ninamusikia. Jumamosi alikufa na ile jina ku mudomo."

Kaswera aliandika mpaka nukta. Hakutia neno lake. Akamsomea maelezo yote kwa sauti, polepole, kama sheria inavyotaka, mpaka kwenye maneno ya mwisho ambayo kila hati ya maelezo huishia nayo: kwamba shahidi amesema haya kwa hiari yake, baada ya kuitwa na kuhojiwa katika ofisi hii.

"Hapana," Charline akasema.

"Hapana nini, mama?"

"Hukuniuliza hapa. Uliniuliza kwangu, juu ya matandiko ya kilio. Ulijifanya umekuja kumulilia mama yangu. Andika vile."

Kaswera alimweleza, kwa utulivu, hatari yake. Alisema sentensi kama hiyo wakili wa mumewe angeishika kama mbwa anavyoshika mfupa: afisa wa polisi alijifanya mwombolezaji, alimdanganya mfiwa siku moja tu baada ya mazishi, maelezo yote yametoka kwenye chemchemi chafu. Huenda majaji wakaikataa hati nzima. Huenda wakaikubali, wakamwadhibu afisa.

"Siyo ndiyo kazi yao?" Charline aliuliza. Hapakuwa na hasira usoni mwake. "Achille alitia sahihi karatasi yenye ilikuwa kweli nusu. Ile nusu yenye hakuandika ndiyo ilimutia Papa Paul ku gereza. Mimi sitatia sahihi nusu. Andika uliingia, ulikaa, uliniuliza. Andika na chakula. Ukiandika, ninasaini. Usipoandika, ninarudia ku pikipiki."

Pikipiki ilikuwa bado inangoja nje. Mwendeshaji wake alikuwa anafuta kiti kwa gunia. Kaswera akachukua karatasi mpya. Aliandika kwa mkono wake kwamba Jumanne ya wiki hiyo yeye, afisa wa upelelezi, aliingia nyumbani kwa shahidi wakati wa kilio cha mama yake, akaketi naye kama mwombolezaji, akala chakula alichopewa, akamwuliza maswali ya kesi bila kumwambia yeye ni nani. Akaisoma. Charline akasikiliza mpaka mwisho, akaomba neno "alichopewa" libaki. Halafu akatia sahihi, herufi kubwa, safi, za mtu aliyesomeshwa na masista. Alitoka bila kuaga.

Marie-Claire alikuwa anafunga kabati Kaswera alipoingia. Aliisoma hati akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza aliutikisia kichwa kuukubali, wa pili akakaa chini. Alipofika mwisho aliusoma tena, akaitenga ile karatasi ya mwisho, peke yake, mbali na zile nyingine.

"Hizi za kwanza zinatosha," akasema. "Sahihi yake iko chini ya kila ukurasa. Hii ya mwisho inaweza kubaki ku meza yangu. Bulonza anaitwa kesho asubuhi, Ntirenganya anaomba kuachiliwa, na hakuna mutu atauliza."

"Charline atajua."

"Charline hatakuwa mule kesho."

"Ripoti ya Bulonza nayo ilikuwa na ukurasa wenye ulibaki ku meza," Kaswera alisema.

Marie-Claire alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa. Nje mlinzi alikuwa amewasha taa ya uani. Akairudisha karatasi mahali pake, chini ya zile nyingine, akazigonga zote mezani zikae sawa, akachukua muhuri. Aligonga mara moja.

"Wakili wake ataanza na hiyo," akasema. "Hatagusa kitenge mpaka akumalize wewe."

"Najua."

"Papa Paul anaweza kutoka kabla ya saa sita. Wewe sijui." Akafungua droo, akatia muhuri ndani, akafunga kwa ufunguo. "Kesho usije na nguo ya nyumbani, Kaswera. Vaa uniforme. Wakiamua kukuvua, wakuvue mbele ya watu."